Laini ya Marehemu

Serikali haijui eda. Jambo hilo Safaa alilifahamu barabara siku ile ya mwisho wa Juni, amekaa mkekani ndani ya nyumba ya wifi yake huko Langoni, mjini Lamu, kanga nyeupe kichwani, na mbele yake Bochaberi wa saiba, lile duka la intaneti la mtaani, amefunua kompyuta juu ya kigoda. Mjane wa eda hatoki, hajipambi, hajitii manukato, wala hasemi na wanaume wasiomhusu. Lakini ritani ya kodi, ile taarifa ya mapato ya kila mwaka, nayo ina siku yake, na siku yenyewe ndiyo hiyo. Adhuhuri ilikwisha kupita na ukurasa ulikuwa haujafunguka.

Lau ingalikuwa ni faini tu, Safaa angalilipa akanyamaza. Kilichokuwa kikimtoa jasho ni kwamba ritani hiyo, ya kwanza kwake katika nchi hii, ndiyo iliyoshika mlango. Alitoka Ngazidja, visiwa vya Komoro, kumfuata mumewe Husseini, na kibali chake cha kukaa Kenya kilisimama kwa miguu miwili: ndoa, na kazi yake ya kuwafundisha Kifaransa watembezi wa watalii. Husseini alipokufa kwa moyo, ghafla, kibali kikabaki na mguu mmoja. Afisa wa uhamiaji, mtu mpole wa sauti, alimweleza kwa simu bila ya kumficha. Kibali kinakwisha kesho. Ombi la kubaki kama mjane litapokelewa kesho hiyo hiyo, likiwa na stakabadhi kwamba ritani imepelekwa kwa wakati. Bila ya stakabadhi, bibie, utafunga virago uombe ukiwa kwenu.

Kwao alikuwa na nyumba. Wanawake wa Ngazidja huachiwa nyumba na mama zao, na yake ilikuwa nzuri, ina kisima na mlimau. Mama yake alimwonya alipoiacha: usiache mbachao kwa msala upitao. Sasa msala umepita kweli, na mama alikuwa akipiga simu kila siku kuuliza arudi lini. Safaa hakuwa na jawabu la kumtosha. Alijua tu kwamba hapa Lamu ukitaja jina la Husseini mtu huitikia "Allah amrehemu" kwa sababu alimjua, alicheka naye, alikopeshana naye. Kule wangeitikia kwa adabu. Tena kaburi liko hapa, na yeye hajalitia macho, kwa kuwa yuko ndani. Kuondoka kabla ya kuliona kulimtisha kuliko kitu kingine chochote.

"Dada, hii namba inayoishia na saba mbili ni ya nani?" aliuliza Bochaberi bila ya kuinua kichwa. Alikuwa Mkisii, amekaa Langoni miaka, na wanawake wa mtaa walimpenda kwa kuwa aliingia majumbani wasikoweza kuingia vijana wa saiba nyingine. "System inasema imetuma namba ya siri kwa hiyo simu. Bila hiyo namba hatuingii."

"Ya mume wangu," alisema Safaa.

Aliposajiliwa kulipa kodi, laini yake ilikuwa bado ya Komoro. Husseini akasema usijisumbue, tutaweka yangu, mimi na wewe ni kitu kimoja. Na mke gani wa Langoni hujua mambo ya maofisi ilhali mume yupo?

"Sawa. Nipe hiyo simu basi."

Hapo ndipo Bi Nana, aliyekuwa amekaa kizingitini akishona kofia, alipoinua uso. Huyu ndiye dada mkubwa wa marehemu, na nyumba ni yake, aliyopewa na baba yake siku ya ndoa yake kama ilivyo desturi ya watu wa mji. Kwa kawaida mume wa Lamu huhamia nyumbani kwa mkewe. Husseini, aliyeoa mke asiye na nyumba hapa, ilimbidi amlete kwa dada yake, na mji ulilisema jambo hilo mpaka ukachoka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Safaa ilikuwa ni hiyo, kwamba analala chini ya dari ya wifi yake.

"Simu imekwenda," alisema Bi Nana. "Ilitoka sadaka siku ya hitima. Nguo, viatu, saa na simu. Yeye mwenyewe aliulizwa, akaitika."

Ni kweli aliulizwa. Siku ile angaliulizwa kama wamtoe yeye sadaka pia angaliitika.

"Alipewa nani?" Bochaberi aliuliza.

"Khatib wa Mkokoni, mvuvi. Alikuwa akimletea Husseini kamba na pweza. Maskini mwenye watoto, simu yake ilikuwa ya kufungwa kwa mpira."

"Na laini ilitolewa?"

Bi Nana aliirudia kofia yake. Hakuna aliyekumbuka kutoa laini. Watu waliokuwa wakikunja kanzu za maiti hawakuwa na akili ya kuwaza vitu vidogo kama hivyo.

"Basi tunampigia huyo Khatib tu," Bochaberi alisema, na alikwisha shika simu yake. "Anatusomea namba, tumemaliza."

"Hapana kumpigia mtu." Sindano ya Bi Nana ilisimama. "Sadaka hairudiwi. Mwenye kurudia sadaka yake ni kama mbwa arudiao matapiko yake, hiyo ni hadithi ya Mtume, si maneno yangu. Leo mwauliza namba, kesho mwauliza simu. Nitaficha wapi uso wangu?"

"Wifi, tuliitoa simu," Safaa alisema taratibu. "Hatukutoa jina langu lililo ndani yake."

"Umetoa mbuzi ukabakiza kamba?"

Safaa alihisi hasira ikimpanda, na aliona haya kwa hasira hiyo, kwa kuwa alikuwa akila wali wa mwanamke huyu asubuhi na jioni. Lakini alimtazama Bochaberi akampa ishara ya macho. Bochaberi akabonyeza, akaiweka simu mkekani, sauti imefunguliwa.

Ililia. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi namba ya Husseini ililia, na Safaa alijikuta amejishika kifua.

"Assalamu alaykum," ilisema sauti nzito, na nyuma yake kuna upepo. "Mwenye simu hini, Bwana Husseini, ametangulia mbele ya haki. Muombeeni."

Bochaberi aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. Hata Bi Nana alikuwa amegeuka.

"Haya, bwana, pole," Bochaberi aliwahi. "Mimi naitwa Bochaberi, niko Lamu. Kuna ujumbe umeingia kwa hiyo simu saa hii, una namba sita. Nisomee tu hizo namba tafadhali, ni za..."

Simu ilikatwa.

Ndiyo hali ya siku hizi. Mtu wa Mkokoni anaweza kuwa hajui bei ya mafuta ya taa Nairobi, lakini anajua kwamba sauti ya bara ikikuomba namba iliyoingia kwenye simu yako, hiyo ni sauti ya mwizi. Bochaberi alipiga tena. Hakupokea. Alipiga mara ya tatu, akakatiwa kabla haijalia vizuri.

"Amenifungia," alisema. "Jaribu na yako wewe, dada. Na hii namba ya kwanza imeshakufa, inaishi dakika chache tu. Nimeomba nyingine, lakini system ikichoka na sisi itatufungia mpaka kesho."

Safaa alichukua simu yake. Bi Nana akasimama.

"Safaa. Wewe u ndani ya eda. Utaitoa sauti yako impate mwanamume usiyemjua?"

"Dharura ina hukumu yake, wifi. Muulize shehe yeyote."

"Mimi si shehe. Mimi ni mwenye kuambiwa na watu."

Safaa alipiga. Kwenye kioo chake jina lilitokea kama alivyoliandika siku za furaha, Husseini wangu, na akalazimika kuutazama ukuta.

"Assalamu alaykum. Mwenye simu hini..."

"Najua," Safaa alisema. "Najua, Bwana Khatib. Mimi ni mkewe."

Upepo ulivuma upande wa pili. "Mkewe nani?"

"Mke wa Husseini. Naitwa Safaa. Ile namba aliyokuomba yule dada ni yangu, ya mambo ya kodi. Nakuomba kwa ajili ya Mungu unisomee."

Alijitahidi, lakini ulimi ulimsaliti. Kiswahili chake kilitoka na ile *r* ya Kifaransa iliyokuwa ikimchekesha Husseini, na kadiri moyo ulivyomwenda mbio ndivyo ilivyozidi kukwaruza.

"Mkongo weye," alisema Khatib, naye sasa amekasirika kwelikweli. "Hamna haya! Husseini mkewe yuko eda, mji mzima wajua. Mjane wa eda hapigii waume simu. Mwaiba hata kwa yina la maiti? Mimi simu hini nimepawa sadaka. Nilifuta kila kitu kilokuwamo kwa kuwa siri za watu si zangu, na laini nimeiwata mumu humu ili amtakaye apate habari. Sasa nasikiliza wezi. Nenda zako, mama. Mashua yaningoja, na huko niendako hakuna mtandao mpaka alfajiri. Pigani mchoke."

Akakata.

Bochaberi alisema neno la Kikisii ambalo hakulifasiri. Safaa alikaa na simu mkononi. Alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimkata maini: mtu yule hakuwa mbaya. Alikuwa mwema kupita kiasi. Aliamini kwamba mjane wa kweli hawezi kumpigia, na kwa hiyo kila neno la Safaa lilikuwa ushahidi juu yake mwenyewe. Angalipiga mara mia, angalikuwa mwongo mara mia.

Alimgeukia wifi yake. Bi Nana alikuwa amesimama palepale, kofia mkononi, na uso wake haukuonyesha ushindi. Afadhali ungalionyesha.

"Sauti yako ataijua," Safaa alisema. "Wewe ndiye uliyemkabidhi simu."

Bi Nana aliikunjua kofia, akaikunja tena.

"Bi Nana. Wataka niondoke?"

Bochaberi aliinamia kompyuta akajifanya anasoma. Nje mtu alipita na punda akimgombeza, sauti ikaingia dirishani ikatoka. Safaa alingoja. Miezi yote ile walikuwa wakiambiana chai iko tayari, sabuni imekwisha, umelala salama? Swali hili lilikuwa limelala kati yao kama mtu wa tatu na hakuna aliyethubutu kuligusa.

"Mara nyingine, ndiyo," alisema Bi Nana.

Safaa aliilaza simu mapajani.

"Si kwa ubaya," Bi Nana aliendelea. "Ukivuka ukumbi nasikia miguu yako. Kisa nangoja miguu ya pili nyuma yako. Nangoja, Safaa. Haiyi. Kila siku nafiwa upya kwa ajili ya miguu yako. Kitwa chajua amekufa, masikio yamekataa kujua. Nimesema huenda ukirudi nti yako nitapumua."

"Na mimi nikienda, utaacha kungoja?"

Bi Nana aliutazama mlango wa ukumbi.

"Utangoja vilevile," Safaa alisema. Sasa machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Utangoja peke yako, basi. Mimi nami nitangoja peke yangu kule, kwa watu ambao hawakumjua. Hiyo ndiyo tofauti, wifi. Mimi pia nasikiliza. Unadhani usiku nasikiliza nini?"

Bi Nana alimtazama kwa muda kama anayemwona mara ya kwanza. Kisha alitia sindano ndani ya kofia, akaja akakaa mkekani kwa uzito wa magoti yake, akanyoosha mkono.

"Leta."

Ililia mpaka ikakata yenyewe. Alipiga tena. Ikalia. Bochaberi alikuwa akiuma kucha. Safaa alisoma Ayatul Kursiy, akapotea katikati, akaanza tena.

"Nimesema msinipigie!" Nyuma ya Khatib sasa kulikuwa na mngurumo wa injini.

"Khatib. Ni mimi Nana, wa Langoni. Dada yake Husseini."

Mngurumo ulipungua. "Bi Nana? Ni weye?"

"Ni mimi. Habari za wanao? Yule mtoto wa kikohozi?"

"Alhamdulillahi, ameamka. Bi Nana, kuna watu wapiga simu hini wasema..."

"Nimewasikia. Si wezi. Yule Mkongo wako ni mke wa Husseini."

"Lakini asema kigeni!"

"Asema apendavyo. Ni wangu." Bi Nana alifumba macho. Lililofuata lilimgharimu. "Khatib, simu ni yako na watoto wako, hatukudai. Nakuomba namba tu, ile ya ujumbe. Nimekukosea kukuomba. Nisamehe."

"Astaghfirullah, Bi Nana, mimi nikusamehe kitu gani? Ngoja. Nimekwisha toka, mtandao waja waenda. Ngoja niigeuze mashua."

Bochaberi alibonyeza kuomba namba nyingine. Walimsikia Khatib akimpigia mtu kelele ashike usukani, wakasikia mawimbi yakipiga ubavu wa mashua. Kisha wakasikia kimya. Bochaberi alitazama kona ya kioo ambako sekunde zilikuwa zikishuka.

"Umefika! Nane," sauti ilirudi vipande vipande. "Nane, tatu, sifuri, mo..."

Kimya.

"Moja?" Bochaberi alipaaza sauti. "Moja na nini? Bwana Khatib!"

Namba ikafa. Bochaberi aliomba ya mwisho aliyokuwa na ujasiri wa kuomba, akasema kwa sauti ya chini kwamba hii ikiharibika, basi. Bi Nana aliushika mkono wa Safaa, au Safaa aliushika wake, baadaye hakuna aliyekumbuka.

"Bi Nana? Nimesogea ufukoni, mayi yaniko magotini. Sikiliza. Mbili, mbili, tisa. Sita. Sifuri. Nne. Nirudie?"

"Rudia," walisema wote watatu.

Akarudia. Bochaberi akaandika, kidole kimoja kimoja, akabonyeza. Ukurasa ulifikiri, na ulifikiri sana. Kisha ukafunguka, jina la Safaa juu yake, limeandikwa vizuri kama lilivyo katika pasipoti.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi mno hata ikawaudhi. Mshahara ulikuwapo, kodi ilikwisha katwa na mwajiri, hesabu zililingana. Palikuwa na swali moja tu. "Hapa imeandikwa umeolewa," Bochaberi alisema bila ya kumtazama. "Niiache?" Safaa alisema, "Mjane. Andika mjane." Lilikuwa neno alilokuwa akiitwa na watu, hakuwahi kulitoa kinywani mwake mwenyewe. Lilitoka, na hakufa.

Ritani ilikwenda. Stakabadhi ilirudi. Bochaberi alipiga makofi mara moja, akajistahi kwa ajili ya nyumba ya msiba, akasema ataichapa ailete kabla ya magharibi ili kesho iende pamoja na ombi.

Kumbe simu ilikuwa bado iko hewani.

"Bi Nana," alisema Khatib. "Nauliza. Hawa wampigiao marehemu, niendelee kuwajibu? Au laini niwarudishie?"

"Wangalipo wampigiao?"

"Wengi! Ijumaa hasa. Yana alipiga mtu wa Kiunga, hakuwa na habari. Alilia kama mtoto. Nikamwambia muombee, akamuombea pale pale, mimi naitika amin."

Bi Nana alijifunika uso kwa upande wa leso, na mabega yake yakatikisika. Safaa ndiye aliyejibu, wala safari hii hakuna aliyemkataza.

"Endelea kuwajibu, Bwana Khatib. Na Mungu akulipe."

"Amin, bibi," alisema Khatib. "Nisamehe kwa lile la Mkongo."

Bochaberi alikuwa hajafunga kompyuta. "Sasa kitu kimoja, tusije tukarudi hapa mwakani tukilia. Lazima tubadilishe hii namba ya simu. Niweke gani?"

"Tia yangu," alisema Bi Nana, akifuta pua. Alikwisha kuanza kuitaja, sifuri saba, kwa sauti ya mtu anayetoa kitu kikubwa.

Safaa alijua ni kitu kikubwa. Alijua pia kwamba akiitika leo, mwakani atakuwa tena anaomba ruhusa ya kujiingilia mwenyewe kwa mlango wa mtu mwingine.

"La, wifi," alisema. "Aweke yangu."

Bi Nana alinyamaza katikati ya namba. Uso wake ulikunjamana, na Safaa alidhani ameharibu kila kitu kwa neno moja.

"Yangu ina kasoro gani?"

"Haina kasoro. Lakini mwenye ritani ni mimi."

"Mkaidi weye," alisema Bi Nana. "Huna nyumba, huna ndugu, umekaa mkekani kwangu na wanijibu kama mtoto wa baba yangu." Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani kilichomshtua mwenyewe, akamgeukia Bochaberi. "Haya, mtilie yake. Huyu haondoki. Na akae, tupate kugombana vizuri."